Mkwe Wangu Alipoacha Kuupata Mpira

Nianze na mchezo wenyewe, kwa sababu hata mimi ilinichukua mwezi mzima kuuelewa, na nilikuwa nauangalia kwa macho yangu.

Kwetu hapa Sumbawanga watu wanaujua mpira wa miguu, wanawake wanaujua wa pete, na hiyo miwili inamtosha mtu kuzeeka nayo. Huu wa tatu uliletwa na mwalimu mmoja kijana aliyekwenda kusoma Dar es Salaam. Akarudi na magongo mawili na mfuko wa mipira midogo, migumu kama viazi vilivyosahauliwa shambani. Yeye anauita besiboli. Sisi wa huku mtaani Pito tunauita mpira wa gongo. Mtu mmoja anarusha, mwingine amesimama na gongo anaupiga, akishaupiga anakimbia kuzunguka pembe nne. Kila pembe imewekwa kiroba kilichojazwa makapi ya ulezi ili mkimbiaji ajue pa kukanyaga. Ukipunga gongo mara tatu usiupate, unakwenda kukaa. Basi. Kuna sheria nyingine nyingi lakini hizo mwalimu mwenyewe huwa anachungulia kwenye daftari.

Mkwe wangu alikuwa ndiye mpigaji. Nasema ndiye, kwa sababu wengine walikuwa wanapunga tu, kama mtu anayefukuza nyuki. Yeye ni seremala, anatengeneza vitanda na milango, kwao ni Laela, na kupiga alijifunza kwenye maharage. Huko kwao wanalima maharage mengi, na maharage yakikauka yanapurwa kwa fimbo. Watu wanasimama mistari miwili, wanatazamana, lundo liko katikati, huyu akiinua fimbo yule anashusha. Ukipepesa macho unapigwa vidole. Mtu aliyepura maharage tangu utoto akitazamana na dada zake sita, wote wakali, huyo kiazi kinachorushwa na mtu mmoja kitamshinda nini?

Msimu wake wa kwanza, mwaka juzi, alikuwa bado hajamwoa binti yangu. Alikuwa mchumba. Aliupiga mpira ukavuka uwanja wa shule, ukavuka barabara, ukaingia kwenye shamba la alizeti la jirani yangu, na jirani akaja na mpira mkononi kuuliza nani ametupa. Mimi sikuwa mtu wa michezo. Lakini siku ile nilijikuta nimesimama juu ya baiskeli ya mtu ninapiga kelele, na baiskeli ikaanguka, na mimi nikaendelea kupiga kelele nikiwa chini. Kuanzia hapo nikawa nakwenda sokoni hata kama sina cha kununua. Nasimama kwa wauza dagaa, nasema, "Yule mpigaji, ni mkwe wangu mtarajiwa." Kwa wauza nyanya, hivyo hivyo. Mpaka mama mmoja wa vitunguu akaniambia, "Mzee, wiki iliyopita umeshatuambia. Nunua kitunguu."

Baada ya mavuno wakafunga ndoa. Padri alihubiri sana, mimi nililala kidogo. Hilo si la hadithi hii.

Sasa msimu wa pili, mwaka jana, ndio ulikuwa wa aibu. Mechi ya kwanza, mkwe akasimama na gongo lake. Mrushaji akarusha. Mkwe akapunga hewa. Ikarushwa tena, hewa. Ya tatu, hewa. Akaenda kukaa. Watu wakacheka, wakasema ni bahati mbaya. Mechi ya pili, hewa. Ya tatu aliupata kidogo, mpira ukamrudia mwenyewe kwenye goti. Timu ya Tunduma ilipokuja, mrushaji wao alikuwa amesikia habari za mkwe wangu njia nzima kwenye basi. Alitetemeka kweli alipomwona. Baada ya kurusha mara tatu akaacha kutetemeka, akaanza kurusha huku anatafuna mua.

Watu wa mjini kila mtu akawa na sababu yake. Fundi viatu akasema ni viatu. Muuza supu akasema kijana hali supu. Mwalimu akasema ni mazoezi, yeye siku zote husema ni mazoezi, hata mvua isiponyesha nadhani atasema ni mazoezi. Na wengi, hao ndio walioniuma, wakasema ni ndoa. "Kijana alikuwa nyota," wakasema, "sasa amewekwa ndani, ananeneshwa, nguvu imekwisha." Maana yake ni binti yangu. Mwanangu alikuwa anapita dukani watu wanamtazama kama ndiye aliyeficha mpira.

Mimi nilikuwa na sababu yangu: gongo. Nikamwambia achonge jingine, akachonga. Hewa. Nikasema basi ni macho. Nikampeleka kupimwa. Yule dada wa macho akamkalisha, akamziba jicho hili, akamziba lile, akamwonyesha maandishi ukutani mpaka yale ya chini kabisa ambayo mimi niliyaona kama kinyesi cha nzi. Mkwe akayasoma yote. Dada akaniambia, "Baba, huyu ni mzima. Wewe je, nikupime?" Nikamwambia tuna haraka.

Halafu kukatokea siku moja katikati ya msimu, mchana, jua kali na ule upepo wetu wa Ufipa unaokutoboa hata ukiwa juani. Mkwe aliniomba sweta langu jekundu kwa sababu lake lilikuwa limefuliwa. Akasimama, akapiga. Ya kwanza ikaenda ng'ambo ya barabara. Ya pili ikaenda mbali kuliko ya kwanza. Watu wakavamia uwanja. Na mimi, na elimu yangu ya darasa la nne, nikapata jibu palepale: sweta! Mechi zote zilizobaki nikamvalisha lile sweta. Mwezi wa tisa, jua la kuchoma mgongo, mtoto wa watu yuko uwanjani na sweta la sufu, jasho linamtiririka mpaka kwenye gongo. Hewa, hewa, hewa. Sikuelewa kabisa. Sweta ni lile lile.

Kitu ambacho sikukiona, na kilikuwa mbele yangu kama mlima, ni kwamba siku ile ya sweta mke wangu hakuwepo. Alikwenda Laela kumsalimia dada yake.

Inabidi nieleze habari ya mke wangu na mpira wa gongo. Kijana alipokuwa mchumba tu, mke wangu hakwenda uwanjani hata mara moja, alisema ni upuuzi wa watu wazima kukimbilia viroba. Lakini kijana alipokuwa mkwe kamili, akasema, "Sasa ni mwanangu. Lazima nimwone." Mimi nikafurahi mno. Nikambebea kigoda mwenyewe. Uwanja ule una kivuli kimoja tu, cha mkaratusi ulio ng'ambo, nyuma ya mrushaji. Nikamweka pale, mbele kabisa, apate kuona vizuri. Nikarudi kukaa na wanaume upande wa pili nikijisifu kwamba kama kuna mama mkwe aliyekaa pazuri Tanzania nzima ni huyu wa kwangu. Akajinunulia na filimbi.

Msimu ukaisha. Mwalimu akaja nyumbani, akanywa chai, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye habari mbaya. Akasema mwaka unaofuata timu itachaguliwa upya ya kwenda kucheza Dodoma. "Mzee, huyu nampenda kama ndugu. Nitampa mechi moja, ile ya kwanza ya msimu. Akipiga, anakwenda. Asipopiga, nafasi yake nampa yule kijana wa bodaboda."

Mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, anatazama miguu yake. Alipomaliza kumsindikiza mwalimu nilimwona kupitia dirishani anapunga gongo peke yake uani, hakuna mpira, hakuna mtu, na kila alipopunga alikuwa sawasawa kabisa. Nikahuzunika. Nilimpenda yule kijana hata bila Dodoma, lakini yeye alikuwa anaitaka Dodoma kama mtu mwenye kiu. Alikuwa ameshatengeneza sanduku la mbao la kusafiria.

Mvua zikaja, zikaenda. Maharage yakavunwa. Nilikuwa nimekaa na binti yangu tunachambua maharage kwenye ungo, yeye anatoa mabovu na mimi natoa mazuri kwa makosa, nikaanza tena habari zangu za sweta, kwamba labda tulilifua vibaya. Binti akaweka ungo chini.

"Baba," akasema, "si sweta."

"Ni nini sasa?"

"Nimeapishwa nisiseme."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

"Mimi ni baba yako. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati ulipomeza kifungo."

"Baba, kila siku kile kifungo!" Halafu akacheka, akaficha uso kwenye khanga. "Ni mama. Mama anakaa nyuma ya mrushaji. Mume wangu akitaka kuuona mpira lazima amtazame mama usoni. Hawezi. Anaangalia chini, anapunga kwa kubahatisha."

Nikalirudisha kwenye ungo harage nililokuwa nimelishika.

Msomaji wa mbali labda hajui. Katika ukoo wetu, mwanamume tangu anapoposa hamtazami mama mkwe wake usoni mpaka ipite siku ya kutazamana. Wakikutana njiani, anaingia majanini. Akiletewa chakula, kinawekwa mlangoni. Mkwe wangu kwa adabu hiyo hajawahi kutokea mwingine. Alikuwa akisikia kikohozi cha mke wangu anageukia ukuta. Mara moja aligeuka haraka akabusu mlango alioutengeneza mwenyewe. Nami nilikuwa nawasimulia watu, "Mnaona kijana aliyelelewa?" Kumbe adabu yenyewe ndiyo iliyokuwa inampeleka kukaa benchi, na kigoda nilikibeba mimi.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza.

"Aseme nini? Kwamba mama mkwe wake aondoke? Bora aache mpira."

Nikaona ni kazi ndogo, nitamhamisha mke wangu. Jioni ile nikamwambia, kwa ujanja, "Mama watoto, mwaka huu mechi usiende. Kuna vumbi."

"Vumbi nimezaliwa nalo."

"Kuna nyoka kwenye mkaratusi."

"Nitapuliza filimbi."

Ikabidi nimwambie ukweli. Akaongea Kifipa, na akiongea Kifipa peke yake ujue mambo yameiva. Nikitafsiri kwa upole, alisema kwamba yeye amekaa mwaka mzima akimwombea kijana wa watu aupate mpira, rozari imekwisha rangi, na kumbe mimi ndiye niliyemkalisha kwenye njia ya macho yake. Alipotulia akasema, "Basi nitakaa nyuma yake."

Tukajaribu kwenye mazoezi. Akakaa nyuma ya mkwe. Sasa, mpigaji wa mpira wa gongo anasimama ameinama, makalio ameyatoa nje kama bata. Mkwe akashika gongo, akajiandaa kuinama, akakumbuka nani yuko nyuma. Akanyooka kama mlingoti. Kuliko kumwonyesha mama mkwe makalio, afadhali kumtazama uso! Akapiga amesimama wima, miguu imebanana, mpira ukampita kwenye kwapa. Tukamhamishia mama upande wa kulia. Huko ndiko kiliko kiroba cha kwanza, na mkwe anatakiwa akikimbilie kwa kasi, moja kwa moja kwa mama mkwe. Alifika nusu ya njia akakata kona akaingia kwenye mahindi. Upande wa kushoto ndiko anakorudia. Tukajaribu mwavuli, mama afunike uso. Mkwe akasema kwa sauti ndogo, akiangalia kiatu changu, "Baba, najua yuko ndani ya mwavuli."

Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari. Nadhani aliandika jina la yule wa bodaboda.

"Nitabaki nyumbani," mke wangu akasema njiani. Alisema taratibu, na filimbi ilikuwa shingoni. Binti, aliyekuwa nasi, akasema: "Na Dodoma je? Mama akitaka kusikiliza redioni naye atageukia ukuta? Si mfanye tu siku ya kutazamana, yaishe."

Kweli kabisa. Siku ya kutazamana ni kitu kidogo: mkwe analeta kuku, mama mkwe anasonga ugali wa ulezi, wanakula sahani moja, mkubwa wa ukoo anasema maneno, wanainua macho, basi. Ndoa ilikuwa na zaidi ya mwaka. Kwa nini ilikuwa haijafanyika? Hapo ndipo ninapotakiwa kusema jambo ambalo sikupenda kulisema. Mkubwa wa ukoo wetu ni kaka yangu, anaishi Kirando, ziwani, anakausha dagaa. Na mimi na kaka tulikuwa hatusemezani kwa miaka miwili kwa sababu ya kichwa cha mbuzi.

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yetu. Mbuzi nilitoa mimi. Kichwa kikaletwa mezani, mimi nimeshakunja mikono ya shati, kaka akakivuta upande wake. "Mkubwa ni nani?" akasema. Nikamjibu, mbele ya wageni, "Tangu lini mtu wa dagaa akajua kichwa cha mbuzi kinaanzia wapi?" Hatujasalimiana tena. Nilikuwa naona niko sahihi. Bado naona niko sahihi, lakini hilo nalo si la hadithi hii.

Zilikuwa zimebaki siku tano kufika mechi. Nikachukua simu nikaenda nayo kwenye zizi la mbuzi, nisisikiwe.

"Shikamoo kaka."

Nasikia mawimbi na mtu anapiga mwiko kwenye sufuria.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mdogo wako."

"Mdogo wangu yupi?"

"Kaka, huna mdogo mwingine wa kiume."

"Ahaa. Yule wa kichwa."

"Kaka, nina shida na mkwe wetu."

"Anampiga binti yetu?"

"Hapana. Hapigi kitu chochote. Hiyo ndiyo shida."

Nikamweleza yote, kigoda, sweta, mwavuli, makalio. Kulikuwa na kelele upande wake nikadhani mtandao umeharibika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, akampa mtu mwingine simu, nikajikuta nasalimiana na mtu nisiyemjua, mpaka akairudia.

"Nitakuja," akasema. "Lakini niambie kwa mdomo wako. Akichaguliwa utachinja?"

"Nitachinja."

"Mbuzi?"

"Mbuzi."

"Kichwa cha nani?"

Nilitazama mbuzi wangu. Dume lilikuwa linanitazama na lenyewe.

"Cha mkubwa," nikasema.

"Sema kwa nguvu, hapa kuna upepo."

"CHA MKUBWA!"

Mke wangu akauliza kutoka jikoni nagombana na nani.

Kaka akaja Jumamosi kwa basi, na kiroba cha dagaa ambacho abiria wote walishuka wananuka harufu yake. Mkwe akaleta kuku, jogoo mwekundu mwenye hasira. Tukakaa sebuleni. Mke wangu amevaa khanga mpya, mkwe amevaa shati la harusi. Kati yao sahani ya ugali na kuku, wote wawili wanatazama ugali kana kwamba una maandishi. Kaka, ambaye hakupata hadhira kwa miaka miwili, alianza maneno tangu babu wa babu, akapitia vita, nzige, akaingia kwenye bei ya nyavu. Ugali ukapoa. Mkwe jasho linamtoka bila sweta. Mwisho nikamgusa kaka mguu chini ya meza.

"Haya," akasema kaka, "tangu leo huyu ni mama yako wa kumwona na huyu ni mwanao wa kukuona. Inueni macho."

Wakainua. Polepole, kama watu wanaochungulia kisima. Walitazamana, na hakuna aliyepumua, hata jogoo aliyekwishapikwa nadhani alinyamaza.

"Kumbe," mke wangu akasema, "una kovu kwenye nyusi."

"Fimbo ya dada yangu, mama. Kwenye maharage."

"Nilikuwa nadhani una sura ndefu."

"Na mimi nilikuwa nadhani mama huna mwanya."

Mimi nikapaliwa na ugali. Mwanya! Mwaka na zaidi anageukia kuta, na siku ya kwanza anamhesabia mama mkwe meno! Lakini mke wangu alikuwa anacheka mwanya wote nje, na kaka anagonga meza, nikaona nimeachwa peke yangu na adabu.

Jumapili, baada ya misa, mechi. Kijana wa bodaboda alikuwa amekuja na viatu vipya. Mwalimu daftari mkononi, kalamu nyuma ya sikio. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na wale wale waliosema ni ndoa, makusudi kabisa. Nikabeba kigoda, nikakiweka pale pale chini ya mkaratusi, nyuma ya mrushaji, mbele kabisa.

Mkwe akasimama. Akainama, makalio nje. Akainua uso, akatazama mbele sawasawa.

Mrushaji akarusha. Hewa.

Uwanja ukaguna. Mwalimu akatoa kalamu nyuma ya sikio. Mrushaji akarusha ya pili. Mkwe hata hakupunga mapema, alichelewa kabisa kama mtu anayesinzia. Hewa. Nikaona roho inanitoka. Kaka akasema, "Mdogo wangu, nimekuja bure na dagaa zangu." Mimi nikamtazama mkwe vizuri, nikaona. Alikuwa na tabasamu. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake! Mtu amenyimwa kitu muda wote huo, amekipata jana, anashangaa bado. Mpira ulikuwa unapita hapo katikati kama inzi.

Mke wangu naye akaona. Akasimama kwenye kigoda, akapuliza filimbi mpaka mwamuzi akasimamisha mchezo akidhani ni yake.

"Baba!" akapiga kelele, na anaposema baba hivyo anamwambia mwanawe, si mimi. "Nitakuwepo na kesho! Tazama mpira! Mimi utaniona nyumbani!"

"Ndiyo, mama!" mkwe akajibu, uwanja mzima unasikia.

Ikarushwa ya tatu. Nilisikia mlio kabla sijaona. Ule mlio wa fimbo kwenye maganda makavu, lakini mara kumi. Mpira ukapita juu ya mrushaji, ukapita juu ya mke wangu aliyeinama na kuchutama, ukapita juu ya mkaratusi ukiangusha majani, ukavuka barabara. Mkwe akazunguka viroba vyote vinne, na kwenye kiroba cha kwanza alikimbia ameinua kichwa. Alipiga tena mara mbili siku ile. Jirani wa alizeti siku hizi haulizi, anarudisha mipira kwa kikapu.

Mwalimu akaandika jina palepale na kulipigia mstari. Akasema, "Mnaona mazoezi?" Fundi viatu akasema ni viatu. Kaka anasema ni dagaa, na huko Kirando sasa anauza akiwaambia wateja hivyo. Binti yangu yeye alikwenda tu dukani kununua chumvi ambayo tulikuwa nayo.

Mbuzi nikachinja, nilikuwa nimeahidi. Mkwe alikaa karibu na mama mkwe wake wakipanga safari ya Dodoma, na mke wangu alikuwa anamwonyesha kwa mwiko jinsi ya kusimama, yeye ambaye alisema ni upuuzi wa watu wazima. Naye anakwenda. Sanduku limeongezwa mfuko wa filimbi. Mimi nimeambiwa nibaki na mbuzi waliosalia.

Kichwa kikaletwa mezani kwenye sinia, kinatoa mvuke. Watu wote wakanitazama. Nikakisukuma kwa mikono yangu miwili mpaka mbele ya kaka, nikasema, "Karibu, mkubwa." Alifurahi, macho yakamlengalenga kidogo, akanishika bega. Kisha akakifungua mdomo kutafuta ulimi.

Ulimi nilikuwa nimeshautoa jikoni.